Chuma Katika Gobore la Nkwabi

Nilifika Kasoli mazishi yakiwa yamekwisha. Udongo wa kaburi la Nkwabi ulikuwa bado mbichi, wanaume wamekaa chini ya turubai, wanawake wamejaa ndani, na harufu ya pamba mpya ilitoka ghalani kama inavyotoka kila mwaka msimu huu. Nia yangu ilikuwa kuwapa pole wafiwa, kula nitakachopewa, na kurudi Bariadi kabla ya magharibi. Lakini Masunga, mwanawe mkubwa, ambaye sasa naye kichwa kimejaa mvi, alinishika mkono kwa adabu akaniingiza katika chumba wanachowekea magunia ya pamba. Kabula, mjane wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya ukuta, miguu ameinyoosha. Juu ya kigoda palikuwa na shuka jeupe jipya, halijafunguliwa hata mikunjo ya dukani. Nje ya dirisha nilimwona mbuzi mweupe amefungwa kwenye nguzo. Masunga akainama, akasema, “Baba ustadhi, mzee ametangulia. Tumekaa kama familia, tunakuomba uifungue ile dua. Wajukuu wasije wakaendelea kuilipa.”

Watoto ninaowasomesha msikitini huniambia kuwa hawajawahi kunisikia nikipaza sauti. Ni kweli, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana sikuzaliwa hivyo. Nimezika mke na watoto wawili, nimekaa na maradhi, na katika yote hayo nimejifunza kusema alhamdulillahi kabla ya kusema neno lingine. Lakini pale ghalani, mbele ya shuka lile jeupe, neno hilo halikuja. Ilikuja hasira, tena hasira ya ujanani, kana kwamba ilikuwa imekaa kwenye chumba hicho miaka yote ikinisubiri. Familia ile iliamini kwamba nilimsomea baba yao albadiri. Anayeijua nchi yetu anajua uzito wa tuhuma hiyo. Albadiri ni kisomo ambacho watu wanakiogopa kuliko mahakama: aliyedhulumiwa anaomba kisomwe, na aliyemdhulumu anapatwa na jambo. Sijawahi kumsomea mtu yeyote. Kilichompata Nkwabi kiliingia ndani ya gobore lake kupitia mdomo wa bomba, mchana kweupe, na mkono ulioshindilia ulikuwa wake.

Mwaka alipopatwa na hayo nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha Kurani, nimepewa darasa la watoto pale Bariadi mjini. Nkwabi alikuwa mwindaji wa Kasoli mwenye gobore la kurithi, lenye kibali, na kibali cha kuwinda pia alikuwa nacho. Nyama yake ilikwenda kwenye hoteli ya mtu mmoja nitakayemwita Hemedi, kwa kuwa watoto wake wapo na hawana kosa. Wateja wa Hemedi wengi walikuwa Waislamu, wafanyabiashara wa mjini na madereva wa malori ya pamba, na hawali nyama isiyochinjwa na Mwislamu. Kwa hiyo kila Nkwabi alipokwenda porini, nilikwenda naye na kisu changu. Mwalimu wangu alitufundisha kwamba mnyama aliyepondwa na kitu kizito akafa kabla ya kisu ni mzoga tu, hata kama mfyatuaji amelitaja jina la Mungu. Lazima nimkute na uhai, nimchinje. Basi kazi yangu ilikuwa kukimbia. Gobore likilia, moshi ukitanda, Nkwabi na vijana waliotubebea nyama walisimama na mimi nilitoka mbio kati ya miiba huku wakinipigia kelele nyuma: “Kimbia, ustadhi! Asife bila ruhusa yako!”

Kwa sababu ya kisu changu, Nkwabi alichagua risasi zake kwa uangalifu ambao sijauona tena kwa mtu mwingine. Risasi yenyewe, yale madini, aliifuata Nyashimo kwa wavuvi wa ziwani, wanaoifunga kwenye nyavu ili zizame. Nyavu zilizooza walimuuzia vipande vyake. Jikoni kwa Kabula ndiko alikoyeyushia, kwenye kopo zito lililosimamishwa juu ya mafiga, huku sufuria ya michembe ikichemka kwenye jiko la pili. Michembe ile, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, Kabula aliipika na karanga za kusaga, na mpaka leo siwezi kuila bila kuhisi puani ule moshi mkavu wa risasi. Nkwabi alimimina kwenye kalibu ya jiwe aliyoichonga mwenyewe, akaacha ipoe, akatoa goroli moja baada ya nyingine. Kisha ukaanza uchaguzi. Kila goroli aliibiringisha juu ya mfuniko wa sufuria aliouinamisha, na iliyoyumba aliirudisha motoni, kwa sababu ndani yake kuna hewa na haitakwenda sawa. Iliyokuwa na mkunjo ilirudi motoni. Iliyobaki aliing'ata, na meno yasipoacha alama alitema akasema wavuvi wamemchanganyia.

“Kwa nini usitengeneze ndogo zaidi, ukaokoa risasi?” nilimuuliza mara ya kwanza.

“Ndogo inapita kama sindano,” akasema. “Mnyama anaondoka nayo, anakwenda kufia mbali, fisi wanakula. Wewe na hiyo kanzu yako utamkimbiza mpaka lini?”

“Basi kubwa zaidi.”

“Kubwa haiingii. Ukiilazimisha, umelilazimisha bomba lote, na bomba halisahau.” Akachukua kitambaa cha pamba kilichopakwa shahamu ya ng'ombe, akaifunika goroli, akaisukuma kidogo kwa dole gumba kwenye mdomo wa gobore tupu kunionyesha. “Unaona? Inaingia kwa kubembelezwa. Hii ni laini. Ikigonga bega inatandazika kama chapati, mnyama anakaa chini. Hafi. Anakaa, anashangaa, anakusubiri wewe.”

Kabula akacheka pale jikoni. “Ustadhi, huyu mimi hajanibembeleza hivyo tangu anioe.”

“Wewe una bomba gani, mayu?” Nkwabi akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma, na wote wawili wakacheka mpaka nikaona haya.

Naandika haya kwa urefu ili msomaji ajue kwamba Nkwabi alijua. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Nilimkimbilia nyamera aliyempiga kwa goroli zile na kumkuta amekaa kweli, ameinua kichwa, pumzi zinatoka, nami nikamgeuza kuelekea kibla kwa msaada wa wenzangu na kumchinja kwa haki. Namshukuru Mungu kwa miezi ile. Nilikuwa nakula kwao, nalala kwao tukichelewa kurudi, na Kabula alinitengea sufuria ambayo haikupikiwa nguruwe pori, bila mimi kuomba. Hawakuwa watu wa dini yangu. Nkwabi alifunga hirizi ya babu yake kwenye kitako cha gobore, na mimi nilimwambia waziwazi kwamba haimsaidii kitu. Akaniambia basi haimdhuru. Tuliishi hivyo.

Kisha msimu wa kuuza pamba ukafunguliwa, mji ukajaa watu wenye hela mpya, na hoteli ya Hemedi ikawa haina pa kukaa. Alitaka nyama kila siku. Wavuvi wa Nyashimo nao walikuwa wameishiwa nyavu za kuuza, na Nkwabi akamwambia Hemedi asubiri. Hemedi hakuwa mtu wa kusubiri. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nyuma ya pazia la jikoni kwake, nakunywa uji wangu, nikamsikia akizungumza na Nkwabi upande wa pili. Alimwaga kitu mezani kikalia kama misumari. Vilikuwa vipande vya nondo, vimekatwa vifupi kwa tindo, mabaki ya ujenzi wa nyumba yake.

“Ngosha, acha mambo ya kuyeyusha kama fundi wa hereni,” Hemedi akasema, akimwita mwanamume kwa Kisukuma. “Hii tia viwili vitatu, ongeza baruti kidogo, mnyama anaanguka hapo hapo.”

“Chuma kinakwaruza bomba,” Nkwabi akasema.

“Kinakwaruza! Na njaa ya watoto wako haikwaruzi?”

“Na ustadhi? Atamkuta amekufa.”

Hemedi akacheka. “Ustadhi namlisha mimi. Atapitisha kisu.”

Nilibaki na bakuli mkononi, uji ukapoa. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile damu inanichemka. Nimewahi kumsikia mtu akimtukana Mungu kwa ulevi, na nilimhurumia. Huyu alikuwa hajalewa. Alikuwa ametoka kuswali, nilimwona alipoingia na alama ya udongo bado kwenye paji la uso, na alikuwa amekwisha niweka kwenye hesabu zake pamoja na chumvi na mkaa.

Tulikwenda porini na nondo zile. Gobore lililia tofauti, kwa ukali, na swala alianguka kama alivyoahidi Hemedi. Nilikimbia. Nilipofika, bega lote lilikuwa limesagika, macho yamekwisha kuganda, na damu haikuwa na mwendo. Nilimwekea mkono ubavuni nikangoja. Nkwabi alipofika nikamwambia, “Huyu amekufa.” Akatazama pembeni. Akasema, “Pitisha tu, ustadhi. Nani atakuuliza?” Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha bila kunitazama. Nikafuta kisu changu ambacho hakikuwa na damu, nikakirudisha kwenye ala. Nyama ile ilikwenda mjini vilevile. Niliifuata. Mchana wa siku ile, hoteli imejaa, nilisimama katikati ya meza nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba swala aliye kwenye sahani zao sikumchinja, wala hakuchinjwa na mtu. Alikufa kwa chuma. Madereva wakasukuma sahani. Mmoja akatoka nje kutapika. Hemedi alinitazama, akatabasamu, akaniambia taratibu, “Umesema, ustadhi. Sasa nenda kasome.”

Nilikwenda kusoma kweli. Alhamisi jioni, kama kila Alhamisi, nilisoma Yasini na watoto wa darasa langu, sauti zao zikisikika mpaka sokoni. Ijumaa, Hemedi akiwa amempata mtu mwingine wa kupitisha kisu, Nkwabi alikwenda tena porini na nondo. Bomba likapasuka mikononi mwake. Lilimchukua jicho la kushoto na vidole vya mkono wa kushoto. Habari ilipofika mjini nilikuwa nimetoka kwenye swala ya Ijumaa, na kabla sijavaa viatu nilikuwa nimekwisha hukumiwa. Hemedi alikuwa barazani kwake akiwaambia watu, kwa huzuni, kwa sauti ya chini ya mtu anayemwogopa Mungu: “Si mlimwona aliposimama hapa kwa hasira? Si mlisikia kisomo jana? Mimi siwezi kusema zaidi.” Hakuwa na haja ya kusema zaidi. Alikuwa ametoa nondo zake kwenye kesi, na mahali pake ameiweka Kurani.

Niliwaambia watu. Naandika hili kwa sababu baadhi wamesema nilinyamaza na kunyamaza kwangu ndiko kukiri. Nilisema msikitini, nilisema sokoni, nilimwambia Hemedi mbele ya wazee. Wazee wakasema niwe na subira. Nimekuwa na subira maisha yangu yote, lakini sijasahau kwamba neno hilo tukufu nililetewa siku ile kama kitambaa cha kuzibia mdomo. Na kilichoniumiza kuliko tuhuma ni kwamba watu walianza kuniheshimu. Walionipita zamani wakawa wanasimama kunisalimia. Mwanamke mmoja alikuja na kuku akitaka nimsomee mke mwenzake. Mwenye duka akataka nimsomee karani wake. Nilikuwa kijana mwenye elimu ndogo ya kitabu cha Mungu, nikapewa heshima ya mchawi, na kila nilipokataa walitikisa kichwa wakiamini nangoja zawadi kubwa zaidi.

Nkwabi aliporudi kutoka hospitali nilikwenda Kasoli. Lile gobore lilikuwa limetupwa nyuma ya zizi, hakuna aliyethubutu kuligusa. Mimi nililiokota. Bomba lilikuwa limefunguka katikati, si chini karibu na baruti, na pale katikati palikuwa na kipande cha nondo kimejikunja kwa upande, kimeng'ang'ania chuma cha bomba. Kilikwama wakati wa kushindilia, kikaacha nafasi kati yake na baruti, na moto ulipokuja haukupata njia. Hata mtu asiyejua bunduki angeelewa. Nikaingia ndani na gobore lile mkononi. Nkwabi alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, nusu ya kichwa imefungwa bendeji. Kabula alikuwa anampozea uji.

“Mwangaluka,” nikamsalimia kwa Kisukuma. Hakuitikia.

Nikamwonyesha. “Nkwabi, tazama. Wewe ndiye uliyeniambia ukililazimisha umelilazimisha bomba lote. Hiki hapa.”

Akalitazama kwa jicho lake moja kwa muda mrefu. Nilimwona akielewa. Uso wake ulikuwa ule ule wa kuiona goroli ikiyumba kwenye mfuniko. Kisha akageukia ukuta.

“Ulisoma Alhamisi?”

“Nilisoma Yasini na watoto, kama kila wiki. Sikukusomea wewe.”

“Ulisoma.”

“Nkwabi, unajua kilichokupasua.”

“Nikijua ni nondo,” akasema akiwa ameelekea ukutani, “basi ni mimi. Mimi niliyeshindilia. Nitawaangalia hawa watoto kwa mkono huu niwaambie ni mimi? Lakini kama ni dua, ni mambo ya Mungu na ya watu. Mtu anaweza kuishi na dua.” Kisha akamwambia mkewe, “Mayu, chukua hicho kitu kakitupe chooni.”

Kabula aliweka uji chini. Alilichukua gobore mikononi mwangu bila kunitazama, akatoka nalo. Nikamsikia akitembea uani, kisha sikusikia kitu. Nilirudi mjini. Tangu siku ile sikukanyaga tena kwao, wala hawakuniita. Hemedi alikwenda kuhiji, akajenga kisima cha msikiti, akafa akisifiwa, na mimi ndiye niliyeombwa kusoma dua ya maziko yake. Nilisoma. Nilimwombea msamaha kwa ulimi, na nilimwomba Mungu aulete moyo wangu pale ulimi ulipofika. Bado sijui kama umefika.

Haya yote nilimwambia Masunga ghalani, shuka jeupe likiwa kati yetu. Nilimwambia bila kupunguza, na nakiri sauti yangu haikuwa ile ya msikitini. Aliposikia habari za ukuta na maneno ya baba yake, alikaa juu ya gunia.

“Kwa hiyo baba alijua.”

“Alijua.”

“Akatulea tukikuogopa wewe. Mtoto akiugua, ni wewe. Ng'ombe akitupa mimba, ni wewe.”

“Ndiyo.”

Nilidhani atamkasirikia baba yake, au Hemedi. Akanikasirikia mimi. “Udongo wake haujakauka, baba ustadhi. Ungefungua tu. Maneno mawili, tungelala. Umenichukulia dua, umeniachia nini? Baba mwongo?”

“Nikifungua nimesema nilifunga,” nikamwambia. “Na mjukuu wako akijikwaa kesho, mtasema sikufungua vizuri. Niite nje, mbele ya watu wote, niwaombee watoto wenu heri kama ninavyomwombea mtoto yeyote. Hilo nitafanya sasa hivi. Lakini sitamwomba Mungu radhi kwa jambo ambalo mimi na Yeye tunajua halikutokea.”

“Hatukununua mbuzi kwa ajili hiyo,” akasema.

Nikainuka. Nilipita chini ya turubai nikiwaaga watu, na niliona kwa jinsi walivyonipisha kwamba wangali wananiogopa, kila mmoja akivuta miguu nisiikanyage. Hakuna aliyesimama kunisindikiza. Katika nchi ya Wasukuma mgeni kuondoka msibani peke yake ni jambo linalosema kwa sauti kubwa, na nililisikia. Nilikuwa nimekwisha kufika kwenye njia ya mashamba niliposikia fimbo ikigonga chini nyuma yangu. Alikuwa Kabula. Ameacha mkeka wa ujane, jambo lisilofanywa, na watu wote chini ya turubai walikuwa wamegeuza vichwa kumtazama akija kwangu, mguu mmoja ukiburuta.

Tulitembea. Kushoto na kulia pamba ilikuwa imepasuka, nyeupe, na wavunaji walikuwa wameacha kazi kwa ajili ya msiba. Alipopata pumzi akasema, “Mimi nilijua tangu siku ile ile, ustadhi. Nilipolibeba lile gobore nilikiona kile kipande cha nondo.”

“Mbona hukusema, mayu?” nikamuuliza, na hasira yote ya miaka ile ilikuwa ndani ya swali hilo. “Hata kwa watoto? Hata mara moja?”

“Ningesema,” akajibu, “ningeishi na nani?”

Sikuongeza mwendo, kwa sababu miguu yake ilikuwa haiwezi, na tulikwenda hivyo hivyo, polepole, mpaka barabarani.